Udongo wa Mavyaa

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, kule Likoni, wifi yangu alianza kupiga kigelegele. Kilitoka nusu. Mavyaa, mama wa mume wangu, alikuwa amekwisha kumwinua mtoto kwenye mwanga wa dirisha na kumwona mdomo, naye akamziba binti yake kinywa kwa kiganja. Nilikisikia kile kigelegele kikikatika nami ningali nimelala mkekani, sijafunikwa hata leso. Nimesikia mengi tangu siku ile, fataki za uhuru na vilio vya misiba, lakini hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote.

Alikuwa msichana. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka upande wa kushoto hadi kwenye tundu ya pua, na ndani kaakaa nalo lilikuwa na ufa. Watu huuita mdomo wa sungura. Macho yake yalikuwa mazima, vidole vilikuwa vyote, na nywele zake zilikuwa nyingi mpaka masikioni. Hakuna aliyetazama nywele. Mavyaa alimfunika uso kwa kitambaa cheupe cha melimeli, akanirudishia, akasema, "Kwetu hakujazaliwa kitu kama hiki."

Alisema kitu, hakusema mtoto. Wapo watakaosoma haya wakasema, yaliyopita si ndwele. Ndwele kwa nani? Wahenga hao hao wamesema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi nimekaa na neno hilo la pili.

Sasa nieleze kuhusu udongo, kwa maana bila huo udongo hakuna hadithi.

Mimi ni mtu wa Magogoni, upande wa Kisauni, na kuolewa Likoni kwa siku zile kulikuwa kama kuolewa nchi nyingine: unavuka daraja la Nyali, unakatiza kisiwa kizima, halafu unapanda feri. Watu wa mume wangu walikuwa wakulima, na mavyaa alitoka mbali zaidi kusini, kwenye kilima chenye msitu ambacho watu wa kwao hawakatimo mti bila ruhusa ya wazee. Udongo wa kilima hicho ni mwekundu wa kuiva, laini kama unga uliochungwa. Kila mwaka ndugu zake walimletea mapakacha kadhaa, naye aliutumia kwa mambo mawili. La kwanza, alikandika chumba chake, kuta na sakafu, kikawa chumba chekundu ndani ya nyumba nyeupe ya chokaa. Hakuruhusu chumba kingine chochote kikandikwe kwa udongo ule. La pili, aliufinyanga vidonge vyembamba, akavianika darini juu ya moshi wa jiko, akaviweka katika chungu chini ya kitanda chake. Hivyo vilikuwa vya wenye mimba.

Mwanamke wa pwani aliyewahi kubeba mimba ataelewa. Ile hamu ya udongo, ukinusa ukuta ulionyeshewa mvua mate yakujaa. Wengine walinunua udongo wa sokoni, lakini mtaani kwetu aliyejiheshimu alikwenda kwa mavyaa, akaamkia, akaketi, akangoja apewe. Ukinyimwa ujue umetukanwa. Mimi sikunyimwa. Kila asubuhi aliniita nije, "Ndoo, mwanangu, ule, mtoto atoke na mifupa," akanitia kidonge mkononi na kunitazama mpaka nimemaliza. Wallahi kilikuwa kitamu. Nilikula miezi yote, na nilimpenda kwa hilo.

Sasa yule yule aliyenilisha akanifungia ndani. Arubaini ya uzazi kwa kila mwanamke ni siku za kukandwa, kunyweshwa uji wa pilipili manga na kutembelewa. Kwangu dirisha lilitiwa komeo. Wageni waliambiwa nina homa. Mtoto hakuweza kunyonya, maziwa yalimtokea puani akapaliwa akawa wa buluu, na mama yangu mzazi alikuwa amekwisha kufa, sina wa kumwuliza. Nikajifunza mwenyewe. Nilikamua maziwa kikombeni, nikamkalisha mtoto wima juu ya paja, kichwa kimeegemea kwapani, nikamtilia kwa kijiko kidogo cha chai kando ya shavu la kulia, tone, nangoja ameze, tone. Mlo mmoja ulichukua muda wa kupika wali. Lakini alimeza, na akanenepa.

Mavyaa naye alikuwa akipika lake. Alimwambia mwanawe kwamba mtoto hupasuka hivyo mama yake akiwa na siri ya mwanamume mwingine. Akamwambia amwache mke na kitu chake warudi Kisauni. Mume wangu alikuwa kuli bandarini, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, lakini mbele ya mama yake hakuweza kubeba neno. Aliniuliza mara moja tu, akitazama mlango, kama ni kweli. Nilimjibu, "Nitazame mato ukiniuliza." Hakunitazama machoni. Basi nikajua kwamba arubaini ikiisha, ama nitatoka chumbani nikiwa mke na mwanangu ana baba, au nitatoka na bahasha ya talaka na mtoto asiye na kwao. Nilikuwa na siku chache za kufikiri.

Kaka yangu ndiye aliyeniletea silaha, bila kujua. Wakati ule alikuwa mchukuzi wa wapimaji wa mawe, mzungu mmoja na msaidizi wake, bwana mmoja wa Changamwe, waliokuwa wakizunguka kusini kwa miezi. Lori lao likisubiri feri, kaka alipita kunijulia hali. Akaniambia kupitia kwenye ufa wa dirisha kwamba wapimaji wana kisanduku chenye mpini, na kutoka humo umetoka waya wenye bomba. Ukipitisha bomba juu ya ardhi ya kawaida, kisanduku kinadondosha sauti moja moja, ta, kinanyamaza, ta. Kwenye kile kilima cha mavyaa kilipiga kelele kama mahindi kikaangoni. Mzungu alicheka, akajaza mifuko ya udongo.

"Kuna nini katika udongo?" nikamwuliza.

"Miale. Haionekani. Bwana wa Changamwe asema ndiyo ile ile iliyomo katika mabomu makubwa, ila ya ardhini ni kidogo na imekuwapo tangu dunia kuumbwa."

"Yadhuru?"

"Nilimwuliza hilo. Asema mabomu yadhuru, na mbegu ya uzazi yaweza kuharibika. Lakini hii ya ardhini hakuna ajuaye. Watu wa kilimani wanazaa kama watu wengine."

Nilimshukuru, nikakaa kitako nikamtazama mwanangu.

Habari za kisanduku zilikuwa zimemfikia mavyaa pia, kupitia kwa ndugu zake, ila kwa sura nyingine. Yeye alijigamba kwa kila aliyepita barazani kwamba chombo cha wazungu kimefika kwao kikasalimu amri, kwamba mizimu ya kilima imeitika, kwamba hakuna mahali pengine pwani nzima ambapo kimesema vile. Kwa watu wa kwao mtuhumiwa huapishwa: hupewa dawa, mwenye hatia huvimba, mkweli hapati kitu. Katika kichwa chake kisanduku kile kilikuwa kiapo cha kisasa, kinaijua kweli, tena kiko upande wake. Sikumwambia vingine. Ningemwambia kwa nini?

Siku ya arubaini wanawake wa mtaa walikuja, maana hiyo siku haizuiliki. Mavyaa alikwisha panga: nitaletwa mbele yao, mtoto atafunuliwa, nitaambiwa nikale kiapo kusini, na nikikataa mume ataniacha pale pale. Nilivaa leso mpya, nikatoka, nikamwamkia mavyaa mbele ya watu, shikamoo mama, kwa sauti ya kupendeza. Kisha nikasema kwamba sina haja ya kwenda mbali kuapa. Kisanduku kilichosema kilimani kwao kiko leo hapa Likoni, kwenye lori la wapimaji linalongoja feri tena, kaka yangu anaweza kumwomba mwenyewe akilete. Kitupitie sote wawili, mimi na yeye, na kila mtu asikie.

Mavyaa alicheka kwa furaha. "Kileteni! Kileteni hicho. Kitanena."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia kwa mbio.

Bwana wa Changamwe alikuja na kisanduku begani, mtu mpole, miwani imefungwa uzi. Alidhani wanawake wanataka kuona maajabu tu. Mavyaa alikwenda kukaa mahali pake pa heshima, juu ya kitanda chake, katika chumba chekundu, chungu chini ya miguu yake. Sisi tulisimama ukumbini. Bwana alianza na mimi. Akapitisha bomba kifuani, tumboni, mgongoni. Ta. Kimya. Ta. Nikamwonyesha mtoto, nikamfunua uso kwa mara ya kwanza mbele ya mtaa wote, akampitishia bomba juu ya ule mdomo. Ta. Kimya. Mtoto akapiga chafya. Mwanamke mmoja alisema, "Masikini, nywele zake," na mpaka leo namwombea dua mwanamke huyo.

Kisha bwana akaingia chumba chekundu. Hajapita kizingiti kisanduku kilianza kuongeza mwendo, na kila hatua kikaongeza. Alipoinama karibu na kitanda sauti hazikuhesabika tena, zilikuwa mvua juu ya bati. Mavyaa alikuwa akitabasamu bado. Aliwatazama wanawake, akitarajia wampigie makofi. Walikuwa wanarudi nyuma.

"Ni nini hicho?" mmoja aliuliza.

Bwana alivuta chungu, akatoa kidonge, akakishika karibu na bomba. "Si yeye. Ni udongo. Una miale, kama ile ya mabomu, ila—"

"Na mtoto wa tumboni? Akiula mamake?"

"Hilo, mama, wataalamu wenyewe hawajui, huko duniani kuna sehemu nyingi..." Hakumaliza. Nusu ya wanawake wale walikuwa wamekula kutoka chungu kile, wengine walikuwa na mimba wakati ule ule. Walikimbilia mlangoni wameshika matumbo, na mmoja alitapika barazani. Nilisimama pale pale na mwanangu mkononi. Mavyaa aliniangalia, na nilimwona anaelewa, polepole. Nikamwambia, "Kwetu Magogoni hakujazaliwa kitu kama hiki. Wala hatuli udongo wako."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu uchungu.

Sikuachwa. Mume wangu, ambaye hakuwahi kunitazama machoni, siku ya pili alivunja chungu na kukwangua kuta za mama yake kwa jembe. Udongo ule alikwenda kuumwaga mbali kwa mkokoteni. Chumba kilipakwa chokaa kama vyumba vingine. Wenye mimba hawakuja tena kuketi miguuni pa mavyaa. Kisimani ndoo yake haikutwekwa na mtu. Mimi niliyaona hayo kila siku na kila siku yaliniburudisha, na kama kuna aliyengoja nimwonee huruma alingoja bure.

Mtoto alipopata nguvu nilimpeleka hospitali kisiwani, daktari akaushona mdomo wake, kazi nzuri, umebaki mstari tu. Kaakaa halikuwezekana kwa wakati ule, na mwanangu husemea puani mpaka leo. Nilimwuliza daktari kuhusu udongo. Zilikuwa siku ambazo redio haikosi habari za majaribio ya mabomu, na watu wakubwa duniani walikuwa wakigombana kuhusu mvua yenye sumu na watoto watakaozaliwa. Alinisikiliza vizuri. Akasema ardhi yote ina miale yake, na mawe, na hata miili yetu. Penye mingi zaidi huenda ikagusa mbegu ya mtu, huenda isiguse, na kama ikigusa huenda jambo likajitokeza kwa mtoto au kwa mjukuu au lisijitokeze. Akasema watoto wa midomo hii huzaliwa kila mji, penye udongo mwekundu na pasipo. "Wakati mwingine hutembea katika damu," akasema. Nikamwuliza, damu ya nani? Akainua mabega. Nikarudi Likoni na mwanangu, nisimwambie mtu.

Sasa sikilizeni alivyolipiza mavyaa, kwa maana hakuwa mjinga. Alikaa kimya miaka miwili hivi, akifagia ua na kusali. Nami kwa muda huo sikushika mimba nyingine. Siku moja tunachambua mchele, mimi na yeye, mume wangu amekaa karibu anakunywa chai, akasema kwa upole, bila kuinua uso, "Kisanduku kilinena kweli, mwanangu. Mimi nilikosa. Udongo ule wafisidi uzazi." Nikafurahi, mpumbavu mimi. Akapepeta, akapuliza kapi. "Ila aliyeula miezi yote ni wewe. Tumbo lako sasa ni udongo ule. Mwanangu apate wapi watoto wazima?"

Maneno yalikuwa yangu mwenyewe, nimeyafinyanga na kuyakausha, na yeye amenirudishia mkononi kama kidonge. Ningesema daktari amesema si udongo? Basi ni nini? Ni siri ya mwanamume? Mume wangu alitua kikombe. Haukupita mwezi mchele ule ule ukapikwa harusini kwake, mke wa pili, binti wa mtaa wa Mjambere, tumbo lake safi halijaonja udongo wa mtu. Mimi nilihamishiwa banda la uani pamoja na mwanangu. Mavyaa ndiye aliyemlaki bi harusi. Alipiga vigelegele mwenyewe siku hiyo, virefu, akiwa anatazama mlango wangu.

Binti wa Mjambere hakunikosea. Aliniamkia kila asubuhi, alimsuka mwanangu nywele. Nilitamani kumchukia nikashindwa, na hilo nalo lilinikasirisha. Chuki yangu yote ilibaki kwa mavyaa mwenyewe. Nililala nayo na kuamka nayo, na usidhani ilinikondesha, ilinilisha.

Alishika mimba mwaka ule wa uhuru. Mavyaa alimlinda kama yai. Maji yake yalichemshwa, sakafu yake ilifagiliwa hata vumbi la barabara lisimguse, na kidonge cha udongo, cha sokoni au cha wapi, hakikupita mlangoni. Akajifungua asubuhi moja jua limekwisha panda. Mimi nilikuwa bandani nafua, mlango wazi. Nilimsikia mtoto akilia, nikanyamazisha mikono yangu majini, nikangoja kigelegele. Hakikuja. Nikangoja tena.

Badala yake alikuja mavyaa. Tangu nihamie banda lile hakuwahi kukanyaga kizingiti changu. Alisimama hapo ameshika mwimo wa mlango, ukaya umemporomoka kichwani, ananitazama viganja.

"Mwanangu, ndoo. Mtoto hawezi kunyonya. Maziwa yamtoka puani."

Nilifurahi. Sitapaka rangi. Furaha ilinipanda kutoka miguuni mpaka utosini, nikaikausha mikono yangu kidole kimoja kimoja ili idumu. Binti wa Mjambere hakula udongo. Kuta zimekwanguliwa. Kilichobaki katika nyumba ile ni damu, na damu hiyo haikutoka Magogoni wala Mjambere. Labda ni ya mume wangu tangu mababu, labda ni kilima alicholishwa akiwa tumboni mwa huyu aliyesimama mlangoni. Daktari hakujua, na mimi sikuhitaji kujua zaidi ya hapo. Nilipanda juu ya kigoda, nikatoa darini kijiko changu cha chai, kilichofungwa kitambaani, nikamfuata.

Dirisha lilikuwa limetiwa komeo. Mke mwenzangu alikuwa amejilaza ukutani analia bila sauti, na kando yake mtoto, wa kiume, uso umefunikwa kitambaa cha melimeli. Nilikifunua. Upande wa kushoto, hadi kwenye tundu ya pua. Alinilia usoni kwa ile sauti ya maziwa puani ambayo sikuisikia kwa miaka, na matiti yangu makavu yakaniuma. Nilimwonyesha mama yake namna ya kukamua. Nikamkalisha mtoto wima pajani, kichwa kwapani. Kikombe kikaja. Nikachota kijiko, nikakishika juu ya shavu lake, nikakisimamisha hapo.

"Piga kigelegele," nikamwambia mavyaa.

Hakunielewa, au alijifanya.

"Kile ulichokikata. Kimalize. Cha kwanza ni cha wangu. Cha pili ni cha huyu. Fungua na dirisha."

"Majirani watakuja."

"Na waje."

"Mtoto yuwalia, mwanangu. Mpe kwanza."

"Wangu alilia siku arubaini."

Alimtazama mkwe wake mwingine, akatazama kijiko. Tone halikumwagika. Mtoto alinyoosha ulimi akitafuta hewani. Mavyaa akaenda dirishani, akaondoa komeo, jua likaingia lote kwa pamoja. Akafunua kinywa. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tu. Kijiko sikukishusha. Mara ya pili aliegemea fremu, akafumba macho, na kigelegele kikatoka, chembamba cha mtu asiye na meno, kikapanda, kikatetemeka, kikaenda mpaka mwisho wake bila kukatwa na mtu. Kule kisimani wanawake waliitika. Nikasikia ndoo zikitua.

Mwanangu aliingia mbio kutoka uani, miguu ina matope, ule mstari mdomoni ukimeta kwa jasho. Alimkuta bibi yake analia dirishani.

"Mama," akauliza kwa sauti yake ya puani, "bibi ampigia nani vigelegele? Nani kazaliwa?"

"Wewe," nikamwambia, nikakishusha kijiko kinywani mwa ndugu yake.